Maumivu Baada ya Upasuaji: Je, Mkristo Ayavumilie Kimya?

Tunapowapelekea wagonjwa Komunyo huku Pemba, iwe Wete, Chake Chake au Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani, tunakutana na waliofanyiwa upasuaji mkubwa ambao muuguzi akiwauliza hali hujibu “sijambo”, ilhali jasho linawatoka. Baadhi huyatolea maumivu hayo sadaka. Wengine huogopa mofini, na hofu yao ina asili: si familia chache za Zanzibar zilizoona heroini ikiwaharibu vijana wao, na dawa hizo mbili ni za jamii moja, jamii ya afyuni.

Kuhusu sadaka, Kanisa limekwisha kusema. Tarehe 24 Februari 1957, Papa Pius XII aliwajibu madaktari wa usingizi kwamba Mkristo halazimiki kuyataka maumivu kwa ajili ya maumivu yenyewe, na kwamba ni halali kuyatuliza kwa dawa. Kristo aliikataa divai yenye manemane pale Golgota, lakini hakuwaamuru wagonjwa kufanya vivyo hivyo.

Kuhusu hofu, inafaa kujua kwamba mofini haihitaji kubeba mzigo wote. Kidonda huvimba, mishipa ya fahamu hupeleka habari, ubongo huipokea; kila hatua ina dawa yake. Diklofenaki au ibuprofeni hupunguza uvimbe (mwenye vidonda vya tumbo au figo dhaifu aseme mapema). Ganzi huzuia habari njiani. Parasetamoli hutolewa kwa saa maalumu, isizidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima. Mofini hubakia kwa maumivu yanayopenya hayo yote, kwa kipimo kidogo na siku chache, kwani ikizidi hudhoofisha pumzi na hufunga choo.

Kinachotusumbua zaidi ni ukimya. Mwenye maumivu makali hakohoi wala hainuki kitandani. Makohozi hutuama na kuleta nimonia, damu huganda miguuni. Basi mgonjwa aseme kabla maumivu hayajapanda, na anapokohoa abane mto juu ya mshono. Ndugu nao wasimletee kwa siri tramado ya dukani. Hiyo pia ni ya jamii ya afyuni; ikichanganyika na dawa ya wodini, pumzi yaweza kukatika usingizini.

Nasi tukifika kutoa Mpako wa Wagonjwa, hatutakasirika mkituomba kwanza tumwite muuguzi.