Kamera na Maikrofoni kwa Mikutano ya Video katika Kompyuta za Linux

Katika mkutano wetu wa video na marafiki wa Ujerumani kuhusu mradi wa maji, mtunza hazina alieleza kwa robo saa kwa nini fedha za pampu zilihamishiwa kwenye mabomba. Wenzetu walimwona vizuri kabisa, ila walichosikia ni mvua juu ya bati. Ilibidi maelezo yote yaandikwe upya kwa barua, na awamu iliyofuata ya fedha ikachelewa. Kamera ilikuwa mpya na ya bei kubwa. Maikrofoni tuliyotumia ni ile iliyomo ndani ya kamera hiyo, mita tatu kutoka kwa msemaji.

Tangu siku ile tunazishauri kamati zianze na sauti. Mtu mmoja au wawili wavae hedifoni za USB zenye maikrofoni karibu na mdomo. Kamati nzima ikikaa pamoja, nunueni kifaa cha mkutano chenye spika na maikrofoni, kiwekwe katikati ya meza. Hedifoni za Bluetooth hatuzipendi: maikrofoni yake ikiwashwa, ubora wa sauti hushuka, tena huishiwa chaji katikati ya maombi ya kufunga.

Kompyuta zetu nyingi ni za zamani na hazikubali Windows 11. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025, nasi tukaziwekea Linux. Je, kamera zitakubali? Zile zinazofuata utaratibu uitwao UVC hazihitaji diski ya programu, kwani Linux ina programu ya kuziendesha tangu toleo 2.6.26 la mwaka 2008. Logitech C270 na C920 ni za jamii hiyo. Muuzaji akisema lazima kwanza muweke programu ya Windows, rudisheni boksi mezani.

Jambo la pili ni MJPEG, yaani kamera kuibana picha yenyewe. Picha isiyobanwa ya nukta 1280 kwa 720, fremu 30 kwa sekunde, huhitaji takriban megabiti 440 kila sekunde, na kikomo cha USB 2.0 ni 480 kwenye karatasi tu. Kamera isiyobana picha italeta sura zinazorukaruka. Kamera za 4K tunaziona ni hasara. Bando la usharika halitazimudu.

Kabla ya mkutano, fungueni guvcview kuangalia picha, kisha pavucontrol kuona kama maikrofoni iliyochaguliwa ndiyo mliyonunua. Kosa hili la mwisho ndilo tunaloitiwa mara nyingi zaidi. Jitsi Meet hufanya kazi ndani ya Firefox bila kuweka programu nyingine.

Ofisi ya miradi ina kamera moja na maikrofoni mbili za kuazima. Usharika unaotaka kununua uje na kompyuta yake, uzijaribu kwanza.