Mcheza Kwao Hutunzwa

Juma hili tulizunguka Dar es Salaam kutazama sanaa za mji, na tukavutwa zaidi na picha za Tingatinga kule Oyster Bay. Edward Saidi Tingatinga alikuwa kibarua katika mashamba ya mkonge, Tanga, kisha mtumishi wa nyumbani mjini. Mwaka 1968 alianza kuchora wanyama juu ya vibao kwa rangi za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972. Wanafunzi wake wakaiendeleza kazi, na mwaka 1990 wakawa na chama cha ushirika.

Leo wageni ndio wanunuzi wakubwa. Ndugu wafanyakazi, hilo ni jasho la mwenzetu: mbona lipambe kuta za ng'ambo, zetu zibaki tupu? Twendeni tukaione, mwenye uwezo na anunue. Mcheza kwao hutunzwa.