Kabla ya Kuuvuka Mgongo wa Mau

Chukua ramani ya Kenya na rula. Weka ncha moja ya rula kwenye uwanja wa Wilson, Nairobi, na nyingine Kericho, kisha chora mstari. Umbali ni maili za baharini 108 hivi, yaani kama kilomita 200, na ndege ndogo ya injini moja aina ya Cessna 172 huumaliza kwa saa moja na dakika chache. Mstari huo hupita kati ya Longonot na Suswa, hukata Bonde la Ufa, hupanda ukuta wa Mau upande wa Narok, hupita juu ya msitu, halafu huteremkia kwenye mashamba ya majani chai.

Jumanne ya tarehe 10 Juni 2008, Cessna 210 iliondoka Wilson kwenda huko huko Kericho. Ilikuwa mkesha wa uchaguzi mdogo wa Ainamoi. Ilianguka Kajong'a, eneo la Enoosupukia, si mbali na mstari wetu wa rula. Waziri wa Barabara Kipkalya Kones, mbunge wa Bomet, na Waziri Msaidizi Lorna Laboso, mbunge wa Sotik, walifariki pamoja na rubani na mlinzi. Nchi ya Wakipsigis ilizika viongozi wawili kwa msiba mmoja, na mpaka leo wapo wazee wasiotaka kusikia habari za ndege ndogo.

Nawaelewa. Hata hivyo, vijana wa soko letu la Chepseon wanaotamani urubani hawapungui, na sioni sababu ya kuwakatisha tamaa. Soko hili liko kando ya barabara ya Nakuru kwenda Kericho, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mtoto wa hapa hukua akiona helikopta za wanasiasa zikitua kwenye viwanja vya shule, na hudhani kazi ya rubani ni kushika usukani. Kushika usukani hufundishika. Kinachomfikisha rubani nyumbani ni kazi anayoifanya mezani, kwa penseli, kabla hata ya kuigusa ndege.

Masharti ya leseni ya rubani binafsi si siri. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Kenya, KCAA, hutaka uwe umetimiza miaka 17, upimwe afya na daktari aliyeidhinishwa na upate cheti cha daraja la pili, ufaulu mitihani ya nadharia, na uwe na angalau saa 40 za kuruka. Miongoni mwa hizo, 10 ni za kuruka peke yako, na ndani yake iwemo safari ndefu ya kilomita 270 au zaidi, ukitua kwenye viwanja viwili tofauti njiani. Namshauri kila kijana aanze na daktari. Ni uchungu kumaliza ada ya mafunzo ndipo uambiwe macho au moyo wako haukubaliki.

Sasa tuje kwenye anga lenyewe. Ukisimama Chepseon ukatazama juu, huoni ukuta wala lango. Lakini anga limegawanywa, na kila sehemu ina sheria yake. Kanuni za kimataifa zina madaraja saba, kuanzia A hadi G. Daraja A ni la ndege zinazoongozwa kwa vyombo peke yake. Rubani anayeruka kwa kutazama nje haruhusiwi kabisa. Katika C na D unaweza kuruka kwa macho, lakini huingii bila kibali cha mwongozaji wa ndege, na ukishakipewa unafuata mwinuko na mwelekeo ulioambiwa. G ni anga lisiloongozwa, ambako unajilinda mwenyewe kwa macho na kwa redio. Zaidi ya hayo kuna maeneo yaliyopigwa marufuku au yenye masharti, kama vile ya kijeshi, na mengine hufungwa kwa muda tu. Tangazo la kufungwa hutolewa kwa marubani kabla, na usipolisoma asubuhi ya safari, kosa ni lako.

Ugumu wa anga la Nairobi ni msongamano. Wilson na uwanja wa kimataifa wa Jomo Kenyatta viko jirani kiasi kwamba njia za ndege zao hulazimika kupangwa moja chini ya nyingine. Tarehe 5 Machi 2024, Cessna 172 ya mafunzo iligongana na ndege ya abiria aina ya Dash 8 juu ya Mbuga ya Nairobi. Dash 8 ilikuwa na watu 44, ikielekea Diani. Ilifaulu kurudi Wilson salama. Mwanafunzi na mkufunzi waliokuwa ndani ya Cessna walikufa. Yeyote anayeona mazungumzo ya redio na ripoti za mahali ulipo kuwa ni urasimu, aikumbuke siku hiyo.

Anayeruka kwa macho ana vipimo vyake pia. Chini ya futi 10,000 anatakiwa aone mbele angalau kilomita 5, na kuanzia hapo kwenda juu, kilomita 8. Katika anga linaloongozwa akae mita 1,500 kutoka kwenye wingu kwa upande, na futi 1,000 kwa juu au chini. Asipite chini ya futi 1,000 juu ya mji au mkusanyiko wa watu, wala chini ya futi 500 juu ya mahali pengine. Jua likizama, safari ya namna hii imekwisha, isipokuwa kwa idhini maalumu. Huku kwetu giza halichelewi, kwa hiyo safari ya jioni haina nafasi ya kubahatisha.

Kuna kanuni nyingine ambayo katika nchi tambarare ni hesabu ya kawaida tu, lakini kwetu ndiyo kiini cha mambo. Juu ya futi 3,000, anayeruka kwa macho kuelekea upande wa mashariki, yaani nyuzi 0 hadi 179 za dira, hushika maelfu yasiyogawanyika kwa mbili na kuongeza futi 500: 7,500, 9,500, 11,500. Anayeelekea magharibi hushika maelfu yanayogawanyika kwa mbili: 8,500, 10,500, 12,500. Hivyo wanaopishana uso kwa uso hutenganishwa na futi 1,000.

Rudi kwenye mstari wa rula. Kutoka Wilson kwenda Kericho dira husoma nyuzi 300 hivi, kwa hiyo ni magharibi. Chaguo la kwanza ni futi 8,500. Lakini mgongo wa Mau unakaribia mita 3,000, sawa na futi 9,800 na ushei. Katika futi 8,500 utakuwa unaelekea ndani ya mlima. Chaguo la pili ni 10,500, ambalo linakuachia pungufu ya futi 700 juu ya sehemu za juu kabisa. Sheria haikukatazi. Ila upepo wa mashariki unapouvuka mgongo huo, hewa ya upande wa pili hushuka, na ndege ndogo hushuka nayo. Futi 700 zinaweza kumalizika kabla hujamaliza kushangaa. Chaguo la tatu ni 12,500. Huko Cessna 172 hupanda kwa kujikokota, na ukikaa juu ya futi 10,000 kwa zaidi ya dakika 30, kanuni inataka rubani awe na oksijeni ya kuvuta.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo anapopimwa rubani. Jibu zuri liko kwenye ramani, na walilipata wapima reli zaidi ya miaka 120 iliyopita. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 haikuparamia Mau mahali popote tu. Ilifuata bonde hadi Nakuru, kisha ikavukia Mau Summit, kwenye futi 8,300 hivi. Barabara nayo ilifuata njia hiyo, ikashukia Londiani na Chepseon. Ukipanga Wilson, Nakuru, Mau Summit, Kericho, unaongeza maili kama 20, takriban dakika 12 kwa ndege inayokwenda maili 100 kwa saa. Lakini unavukia penye pengo, ukiwa na futi 2,000 chini yako badala ya 700, na muda wote una barabara ya kuifuata kwa macho. Angalia tu kilima cha Londiani upande wa kaskazini, kinachofikia mita 3,000.

Njia ikishapatikana, saa ya kuondoka huamuliwa na mvua. Kericho na Nandi Hills zinajulikana duniani kote kwa mvua ya mawe. Takwimu inayotajwa sana ni siku 132 kwa mwaka. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hukutana na ule wa mashariki juu ya nyanda hizi, na mchana mawingu hurundikana kwa kasi ya kutisha. Mwaka 1982 jarida la Tellus lilichapisha utafiti wa Russell Schnell na mwenzake, ulioonyesha kwamba vumbi la majani chai yaliyooza lina chembe zinazosaidia barafu kuanza kujiunda mawinguni. Ndege ziliwahi kurushwa hapa makusudi kuyanyunyizia mawingu hayo dawa ili kuokoa chai. Rubani mwanagenzi hana kazi humo. Aondoke asubuhi, awe ametua kabla ya saa saba mchana, na akiona wingu limekaa kwenye pengo la Mau Summit, ageuke arudi Nakuru au Nairobi. Pengo lililozibwa halina njia ya chini.

Mafuta nayo yahesabiwe kwa safari iliyogeuka. Kanuni ya mchana ni yatakayokufikisha, pamoja na akiba ya dakika 30. Cessna 172 hunywa lita 30 hivi kwa saa. Kwa nyanda hizi ningebeba akiba ya saa nzima, iniwezeshe kwenda Kisumu iwapo Kericho imefungwa na mvua. Kisumu iko chini, kando ya ziwa, na ina mnara wa kuongozea ndege.

Baada ya hapo ndipo fomu ya mpango wa safari hujazwa na kuwasilishwa, angalau dakika 60 kabla ya kuondoka. Unaandika namba ya ndege, ambayo kwa Kenya huanza na 5Y, aina yake, herufi V kuonyesha unaruka kwa macho, kasi, mwinuko na njia, uwanja wa kufikia na wa akiba, mafuta yatadumu saa ngapi, watu wangapi wamo, hata rangi ya ndege. Unakotua kukiwa ni kiwanja kisicho na herufi rasmi, unaandika ZZZZ na kukitaja jina chini. Saa huandikwa kwa majira ya kimataifa, kwa hiyo saa tatu asubuhi ya Chepseon ni 0600.

Rangi ya ndege ya nini? Ni ya watakaokutafuta. Mpango wa safari ni kama kumwambia jirani kwamba unaingia msituni kumfuata ng'ombe aliyepotea, njia ni ile ya mtoni, na usiporudi kufikia jioni waje. Zikipita dakika 30 baada ya muda uliotarajiwa kufika bila habari zako, utaratibu wa dharura huanza. Tarehe 5 Juni 2018, Cessna Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi ikiwa na watu 10 iligonga milima ya Aberdare. Mabaki yake yalionekana tarehe 7. Hakupona hata mmoja. Siku mbili ni nyingi mno kwa familia zinazongoja, na kila neno sahihi kwenye fomu hupunguza eneo la kutafutwa. Kwa sababu hiyo hiyo, ukitua kwenye kiwanja kisicho na mnara, piga simu ufunge mpango wako kabla ya kusalimiana na waliokuja kukupokea.

Imebaki safari ya kurudi, ambayo wengi huipanga kwa haraka. Kiwanja cha Kericho, Kerenga, kiko takriban futi 7,000. Kwenye kimo hicho, hewa ya kawaida kitaalamu ingekuwa na nyuzi 1 tu za joto. Mchana wenye nyuzi 25 umezidi kwa 24, na kila nyuzi moja huongeza futi 120 hivi kwenye kimo ambacho injini na mbawa zinakihisi. Zidisha: ni karibu futi 2,900. Ndege iliyosimama Kerenga saa nane mchana itajaribu kuruka kana kwamba iko futi 9,900. Itahitaji barabara ndefu zaidi ya kurukia, itapanda polepole, na mbele yake kuna Mau, na juu ya Mau wingu la mchana.

Kitabu cha ndege kina jedwali la hesabu hii. Lisome ukiwa umejua uzito halisi wa kila abiria na kila mzigo, pamoja na kreti ya parachichi aliyoongeza shangazi dakika ya mwisho. Jedwali likionyesha kwamba barabara inatosha kwa shida, ifunge ndege kamba ilale hapo hadi asubuhi. Abiria wenye haraka wapande matatu ya Nakuru.