Isilandi: Nchi ya Ufa na Lugha Yake

Isilandi ni kisiwa cha kaskazini ya mbali, lakini msomaji wa Kivu angeitambua ardhi yake upesi kuliko anavyodhani. Kama bonde la ufa linavyoipasua nchi yetu upande wa mashariki, ndivyo kisiwa kile kinavyopasuka katikati, kwa kuwa kimekaa juu ya mpaka wa mabamba mawili ya dunia yanayoachana kwa sentimita 2 hivi kila mwaka. Mnamo Januari 1973, watu wapatao 5,000 wa kisiwa kidogo cha Heimaey walihamishwa usiku mmoja kwa mashua za wavuvi. Waliobaki waliimwagia lava maji ya bahari kwa miezi kadhaa ili isizibe bandari, nayo bandari ikapona. Wakazi wa Goma, waliokimbia mwaka 2002 na tena 2021, hawahitaji kuelezwa hofu ya usiku kama ule.

Mgeni aanzie Þingvellir. Hapo ufa unaonekana kwa macho: kuta ndefu za mawe meusi, na chini yake maji safi ajabu. Tangu mwaka 930 watu walikusanyika hapo kila kiangazi kutunga sheria na kuamua kesi. Kabla sheria hazijaandikwa, msema-sheria alisimama juu ya mwamba na kuzitamka kwa moyo, theluthi moja kila mwaka, hata zikamalizika kwa miaka mitatu. Sisi tunaochunguza fasihi simulizi tungefunga safari kwa ajili ya mwamba huo peke yake.

Baadaye masimulizi yaliandikwa juu ya ngozi za ndama. Miswada mingi ilipelekwa Copenhagen wakati Denmark ilipotawala, na moto wa mwaka 1728 uliteketeza sehemu yake. Isilandi ilijitawala kamili mwaka 1944, lakini haikuacha kudai vitabu vyake. Tarehe 21 Aprili 1971 viwili vya kwanza, Codex Regius na Flateyjarbók, viliwasili Reykjavik kwa meli ya kijeshi ya Denmark, na umati mkubwa ukavipokea bandarini. (Ni taifa gani jingine limewahi kwenda bandarini kupokea miswada?)

Lugha ya miswada hiyo haijawa ngeni kwa mwanafunzi wa leo. Dhana mpya hupewa maneno kutoka hazina ya zamani: simu ni *sími*, neno la kale la uzi lililofufuliwa; umeme ni *rafmagn*, yaani nguvu ya kaharabu; kompyuta ni *tölva*, muungano wa neno la hesabu na neno la mwanamke mpiga ramli. Kwetu *tarakilishi* ilizaliwa kwa njia iyo hiyo, kutokana na tarakimu, lakini hata wataalamu wa Kiswahili wengi husema kompyuta.

Wenyeji hawafiki laki nne, na siku hizi wanaona wasiwasi kwamba watoto wao hucheza na hata kuzungumza kwa Kiingereza. Hata hivyo chuo kikuu chao, kilichoanzishwa mwaka 1911, hufundisha kwa Kiisilandi. Kiswahili, mojawapo ya lugha nne za taifa letu, kina wasemaji mamilioni, na mihadhara yetu hutolewa kwa Kifaransa.