Hekima Aitaye Langoni

Leo fungueni Mithali, mlango wa 1, mstari wa 20. Humo hekima ya Mungu imefananishwa na mwanamke. Haketi hekaluni kungoja watu. Yuko njiani na langoni pa mji, akipaza sauti. Zamani zile wazee waliamua mashauri langoni, na kila mtu alipita hapo. Basi nani atasema hakusikia? Lakini wengine wanamdharau. Msiba utakapowafikia watamwita, naye hataitika. Neno hili ni gumu, tena linatisha. Tazameni mstari wa 31: msiba wao hautoki mbali, unatoka katika mwenendo wao wenyewe. Sasa someni mstari wa 33, polepole, mwone aliyesikia atapata nini.