Saa Yenye Vitufe Vinne

Sogeeni, wajukuu. Na huyo mwenye saa mpya akae mbele, maana tangu jana anaibonyezabonyeza mpaka imeanza kumlilia.

Kwanza niwape kisa. Mwaka 1972, huko Marekani, kampuni ya Hamilton ilianza kuuza saa ya mkononi isiyo na mishale. Iliitwa Pulsar, imetengenezwa kwa dhahabu, na bei yake dola 2,100, fedha iliyokaribia kununua gari dogo jipya wakati ule. Basi ukimwuliza tajiri aliyeivaa ni saa ngapi, anakuonyesha kioo cheusi kitupu! Lazima alete mkono wa pili, abonyeze kitufe, ndipo tarakimu nyekundu ziwake kidogo na kuzimika. Kwa hiyo aliyebeba mzigo ni kama hakuwa na saa. Zile tarakimu zilikuwa taa, na taa hula betri.

Baadaye mafundi wakapata kioo cha namna nyingine, hicho mnachokiona leo, chenye tarakimu nyeusi juu ya rangi ya kijivu. Tarakimu hizi haziwaki. Zinaziba tu mwanga unaotoka nje, ndiyo maana gizani huzioni mpaka uwashe taa. Kwa kuwa zinatumia umeme kiduchu, saa ikaweza kuonyesha wakati usiku na mchana, na betri ikadumu miaka. Hapo mafundi wa Japani wakaona nafasi: kama chombo hiki kinajua kuhesabu sekunde, kwa nini kisihesabu na mengine? Casio, waliokuwa wakitengeneza vikokotoo, walitoa saa ya Casiotron mwaka 1974. Hiyo ilijua yenyewe kwamba Aprili ina siku 30 na Mei ina 31.

Msiogope wingi wa mambo kwenye kioo. Kazi ya saa ni moja, kuhesabu. Mmewahi kuona neno QUARTZ kwenye saa? Hilo ni jina la jiwe, kwatsi, na kipande chake chembamba kimo humo ndani. Kikipitishiwa umeme kinatetemeka mara 32,768 kila sekunde. Kwa nini namba ya ajabu namna hiyo? Chukueni kikokotoo mwigawe kwa mbili, na jibu mligawe tena kwa mbili, hivyohivyo mara 15. Mtabaki na moja. Ndivyo inavyofanya saa, na hiyo moja ndiyo sekunde. Zikijumlishwa kwenda mbele kuanzia sifuri, hiyo ni stopwochi. Zikihesabiwa kurudi nyuma, ni kipima muda cha kuchemshia yai. Zikifika namba uliyoichagua na saa ikalia, hiyo ndiyo kengele. Hayo ndiyo maajabu yote.

Basi tunachanganyikiwa wapi? Kazi ni nyingi, vitufe ni vinne, kwa hiyo kila kitufe kinafanya kazi zaidi ya moja. Ichukulieni saa kama nyumba yenye vyumba. Hii ya mwenzenu ni Casio AE-1200, ile yenye ramani ndogo ya dunia usoni, na ina vyumba vitano: wakati wa nyumbani, wakati wa miji ya dunia, kengele, stopwochi na kipima muda. Kitufe cha MODE, chini kushoto, ndicho mlango. Kila ukikibonyeza unahamia chumba kingine, na ukiendelea kukibonyeza utarudi ulipoanzia. Jana bwana mkubwa huyu alitaka kujua saa ya Dubai. Hakutazama yumo chumba gani, akabonyeza alivyojisikia, kumbe yumo kwenye kengele. Saa kumi na nusu alfajiri nyumba nzima ikaamka.

Kabla ya kubonyeza chochote, soma kioo kikuambie uko wapi. Mengine yote ni mazoezi.

Haya, turekebishe wakati. Tupo chumba cha nyumbani. Shikilia ADJUST, juu kushoto, usikiachie mpaka kitu kianze kumetameta. Kinachometameta ndicho kinachongoja amri yako. Sasa MODE si mlango tena. Inakusogeza kutoka mji hadi sekunde, saa, dakika, mwaka. Hata LIGHT imeacha kuwasha taa, kazi yake sasa ni kurudisha nyuma, na kitufe cha chini kulia kinapeleka mbele. Ukipotea humo, usibonyeze kitu. Iache dakika mbili tatu, itatoka yenyewe.

Sekunde zina utamu wake. Fungua redio dakika chache kabla ya saa kamili. Weka zile sekunde ziwe zinametameta, kidole tayari, na mlio wa mwisho ukisikika, bonyeza. Sekunde zinarudi sifuri papo hapo. Kama zilikuwa zimefika 30, saa inaongeza dakika moja. Kama hazijafika, dakika inabaki ileile. Mtu akikuambia saa yake haikosei, jua anatamba. Hizi za kawaida huweza kupotea mpaka sekunde 30 kwa mwezi.

Mwaka nao uwekwe sawa, kwa sababu ndio unaoiambia saa kama Februari ina siku 28 au 29. Ile Casio ndogo ya F-91W, iliyotoka mwaka 1989 na ambayo bado inauzwa kila soko, haina sehemu ya mwaka kabisa. Kwake Februari ni siku 28 daima, na mwaka mrefu unairekebisha kwa mkono.

Sasa mji. Saa hii ina orodha ya miji 48, kila mmoja kwa herufi tatu. Kama wako huuoni, chagua wenye wakati sawa na wako. Sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tunachagua JED, yaani Jeddah. Jua halichomozi kwao na kwetu kwa pamoja, lakini saa zetu zinalingana dakika kwa dakika, masaa matatu mbele ya saa ya Greenwich. Na saa yako ikitangulia saa moja kamili, tazama kama herufi DST zimejitokeza. Hayo ni mambo ya nchi za baridi, wanaosogeza saa zao mbele wakati wa kiangazi. Zima.

Mwenzenu aliniuliza swali zuri: kwa nini tusiiweke kwa saa zetu, ili saa moja asubuhi kioo kiandike 1:00 badala ya 7:00? Wako wazee wa pwani waliozipanga hivyo saa zao za mishale, na mambo yao yakaenda. Ya tarakimu ina mtego. Inahesabu masaa 24, na tarehe inabadilika ikifika 12:00 ya usiku wake yenyewe, siyo wako. Asubuhi ya saa moja ukiandika 1:00 bila alama ya P, tarehe itageuka saa kumi na mbili asubuhi. Ukiandika 1:00 yenye P, itageuka saa kumi na mbili jioni, karibu na magharibi, jambo ambalo mwalimu wa madrasa huenda akalipenda. Lakini njia zote mbili zinaharibu miji ya dunia: Dubai, London na Tokyo zote zitakosea kwa masaa sita. Mimi naona kioo kibaki na saa za dunia, na hesabu ya sita tuifanye kichwani kama kawaida yetu.

Maji kidogo, kisha mwende mkacheze. Hii ya mwenzenu imeandikwa mita 100, kwa hiyo kuogelea nayo si neno. Ila usibonyeze vitufe ikiwa imelowa. Na ule mlio wa kila saa uzimeni kabla ya kuingia kwenye mtihani, maana msimamizi hatauliza ni saa ya nani, atasogea tu hadi dawati lako.

Mwisho, geuzeni saa mtazame mgongoni. Kuna namba ndani ya kisanduku kidogo. Saa mbili zenye sura tofauti zikiwa na namba moja, zinafuata maelekezo mamoja, na karatasi ya maelekezo ikipotea kwa namba hiyo utaipata nyingine. Iandikeni kwenye madaftari yenu leo, kabla haijafutika kwa jasho.