Saa Peke Yake Si Shahidi

Kila askari aliyepata kushika zamu ya usiku anaijua thamani ya daftari la matukio. Tukio huandikwa chini ya tukio, na lililotangulia hukaa juu. Lakini madaftari yakiwa mawili, katika vituo viwili vilivyo mbali, ni nani atakayesema lipi lilitangulia?

Swali hilo linawakabili pia wanaounganisha kompyuta za mahali mbalimbali ili zifanye kazi moja. Dzaleka, wilayani Dowa, Malawi, si mbali na Lilongwe. Zamani palikuwa gereza; tangu 1994 ni makazi ya wakimbizi, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mwishoni mwa 2013 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilifanya hapo majaribio ya mtambo mpya wa kuwatambua watu kwa alama za vidole na mboni za macho. Watu wapatao 17,000 waliandikishwa.

Tuseme, kwa mfano tu, mtoto mchanga ameandikishwa Dzaleka saa 4.10 asubuhi. Ofisi moja mjini Lilongwe, mawasiliano yakiwa yamekatika, imefunga orodha ya mgao wa chakula saa 4.05 kwa saa yake. Kumbe saa hiyo iko nyuma kwa dakika kumi, wala hakuna ajuaye. Atakayelinganisha saa hizo mbili atamnyima mtoto haki yake.

Julai 1978 Mmarekani Leslie Lamport alichapisha makala iliyoonyesha njia. Tusiulize saa, bali tuulize kama habari za tukio la kwanza zingeweza kulifikia la pili. Kanuni zake ni tatu. Katika kituo kimoja, matukio hufuatana kama yalivyotokea. Ujumbe hutumwa kabla ya kupokewa. Tena, la kwanza likitangulia la pili, na la pili likatangulia la tatu, basi la kwanza limetangulia la tatu. Pasipo njia ya ujumbe kati ya matukio mawili, hayo ni sambamba: hakuna lililoweza kusababisha jingine.

Kwa hiyo kila kituo huweka hesabu yake, na kila tukio huongeza moja. Ujumbe husafiri na namba yake. Mpokeaji aliye nyuma huiruka namba hiyo. Hivyo tokeo daima huwa na namba kubwa kuliko chanzo chake. Hata hivyo, namba ndogo peke yake haithibitishi kuwa ni chanzo. Upungufu huo ulizibwa mnamo 1988 na Colin Fidge na Friedemann Mattern, kila mmoja kwa njia yake: kila ujumbe hubeba orodha ya hesabu za vituo vyote, na kwa kulinganisha orodha mbili, usambamba hudhihirika.

Turudi kwa mtoto wetu. Kama Lilongwe ilipokea ujumbe wa Dzaleka kabla ya kufunga orodha, haki yake imethibitika. Kama haikupokea, matukio hayo ni sambamba, na uamuzi hauna budi kufuata kanuni iliyowekwa mapema, si mshale wa saa.

Askari naye, aandikapo taarifa, asitosheke na saa. Aandike pia habari ilitoka kwa nani, na ilifuata ujumbe upi. Wengi wamepata kushukiwa kwa sababu tu walionekana baada ya jambo kutokea; lakini kufuata si kusababisha.